Tahadhari: Muuzaji wa "tangi la mimea lililo tayari siku hiyo hiyo" jijini Dar es Salaam

Ndugu wapenzi wa samaki wa mapambo,

Naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza kwenye mitandao ya kijamii kwamba anaweza kuleta nyumbani kwako tangi la samaki, kulijaza maji, kupanda mimea hai na kutia samaki, vyote kwa muda wa saa tatu, nawe ukalala usiku huo ukiwa na "bustani ya chini ya maji". Mimi nilimlipa shilingi 780,000 mwezi Machi kwa ajili ya kifurushi hicho. Ilipofika siku ya tisa, kati ya samaki 24 alioniletea walikuwa wamebaki wanne, mimea ilikuwa imeoza karibu yote, na simu zangu hazikupokelewa tena. Baadaye nimezungumza na wanunuzi wengine watatu, mmoja wao wa Kibaha, ambao masimulizi yao yanafanana na yangu hadi kwenye rangi ya mfuko wa mbolea.

Simtaji jina, kwa kuwa shauri nimeshalifikisha panapohusika na kwa kuwa nikiwa namfuatilia alikwisha kubadilisha jina la ukurasa wake mara moja. Atabadilisha tena. Bidhaa zake, hata hivyo, ni zile zile, na anayezifahamu ataweza kumtambua akija kwa jina lolote.

Nianze na mimea, maana ndiyo iliyonivuta na ndiyo iliyoharibu mengine yote. Katika orodha aliyonitumia kulikuwa na aina sita za "mimea ya majini kutoka nje", kila shina kwa shilingi 15,000. Alizipanda mbele yangu kwa ustadi, nami nikamsifu. Shemeji yangu alipokuja kututembelea Jumapili iliyofuata alicheka, akaniuliza kwa nini nimezamisha maua ya barazani. Alikuwa na haki ya kucheka. Mashina matatu yalikuwa ile Dracaena sanderiana inayouzwa kwenye maduka ya zawadi kwa jina la mianzi ya bahati, ambayo huweza kuishi mizizi ikiwa ndani ya maji na majani yakiwa hewani, lakini huoza ikizamishwa mzima mzima. Mafungu mawili yalikuwa Chlorophytum, yale majani membamba yenye mistari mieupe yanayopandwa kwenye makopo karibu kila uwani hapa mjini. La sita lilikuwa Dieffenbachia, ambayo utomvu wake huwasha mdomo na ngozi na haifai kabisa kuwekwa ndani ya tangi. Katika bustani za maua za kando ya barabara, mimea hiyo hiyo nimeikuta kwa shilingi 3,000.

Ubaya wa hila hii ni kwamba mmea wa nchi kavu haufi mara moja ukizamishwa. Hubaki kijani kwa wiki moja au mbili, ukila akiba yake, na wakati huo muuzaji ameshatumia fedha zako. Wengi hufundishwa kwamba dalili ya mmea wa majini ni kulegea unapotolewa majini, kwa sababu maji ndiyo huubeba na hauhitaji shina gumu. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini msiitegemee dalili hiyo peke yake: vitalu vingi vya nje huotesha mimea halisi ya majini ikiwa na majani hewani, ambayo hufika ikiwa imesimama imara, kisha hupukutisha majani ya zamani inapozamishwa na kuotesha mapya. Mimi sasa nalitazama jani. Likiwa na nta inayofanya matone ya maji yateleze, au likiwa na mistari mieupe na myekundu ya kupendeza kupita kiasi, nauliza jina la kisayansi na nalitafuta mwenyewe kabla ya kutoa senti.

Pamoja na mashina hayo aliniuzia pakiti ya mbegu za "zulia la nyasi" kwa shilingi 35,000, ikiwa na picha ya uwanda wa kijani kibichi na jina la Hemianthus callitrichoides. Mmea huo upo kweli, asili yake ni Cuba, na ni miongoni mwa midogo kabisa inayopandwa matangini. Lakini huuzwa ukiwa hai, kwenye vikopo vya maabara au kwenye vipande vya wavu. Mbegu nilizopewa nilizilowesha kwenye sahani, zikavimba na kujizungushia ute kama zifanyavyo mbegu za mrehani. Zilichipua upesi juu ya mchanga wenye unyevu, zikaonekana kama zulia kweli, na siku chache baada ya kufunikwa na maji zikang'oka na kuelea zikiwa zimegeuka utelezi. Nawasihi msinunue mbegu za zulia kwa mtu yeyote, awe huyu au mwingine.

Zawadi ya nyongeza aliyoniachia ilikuwa mimea miwili ya kuelea yenye ua la zambarau. Hayo yalikuwa magugumaji, yale yale yaliyowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Niliyaanika juani hadi yakakauka, kisha nikayachoma. Mwenye kupewa zawadi hiyo asiitupe mtaroni.

Sasa samaki. Aliniletea neoni kumi, gapi wanane, samaki wa njano watano wa Ziwa Nyasa na mmoja aliyemwita "papa mdogo". Kundi hilo haliwezi kukaa pamoja hata katika tangi zuri. Neoni ni wa mito ya Amazon yenye maji laini yenye asidi kidogo, ilhali samaki wa Nyasa huhitaji maji magumu yenye alkali, huchimba mchanga na kung'oa mimea, na huwasumbua wadogo. Huyo papa si papa. Ni Pangasianodon hypophthalmus wa mto Mekong, jamii ya kambale, ambaye akikua hupita urefu wa mita moja. Tangi langu lina sentimita 90.

Hata hivyo, kilichowaua kwanza hakikuwa ugomvi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, nayo ni sumu kwao. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye filta na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na huondolewa kwa kubadilisha maji na kuliwa na mimea. Bakteria hao huchukua kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Hakuna fundi awezaye kuwaleta kwa saa tatu kwa maji ya bomba aliyoyafungulia moja kwa moja tangini, yakiwa bado na klorini inayowaua hao hao bakteria. Mimea halisi inayokua haraka ingeweza kupunguza makali kwa kuifyonza amonia. Mimea niliyouziwa iliozea humo na kuiongeza. Yaani utapeli wa mimea ndio ulioua samaki, na nilipomweleza kwamba neoni wanahema juu ya maji, aliniambia, "Bosi wangu, hao wana uchovu wa safari, wape siku mbili." Walikufa kabla ya siku mbili.

Mchanga ulizidisha balaa. Alinitoza shilingi 90,000 kwa kilo 20 za "udongo maalumu wa mimea" ambao, nilipouangalia kwa makini, ulikuwa mchanga wa pwani uliooshwa, wenye vipande vya kombe na matumbawe. Vipande hivyo ni chokaa, huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali. Na kadiri pH na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lake la sumu. Kipimo chake hakina gharama. Chukueni kijiko cha mchanga mkavu, mmimine siki ya jikoni juu yake, na mkiona povu linachemka, huo usitiwe kwenye tangi la mimea. Mfanyieni muuzaji kipimo hicho mbele yake. Kwangu mimi povu lilichemka kama soda.

Siku ya nne, nilipolalamika kwamba majani yanageuka manjano, alinituma dereva wa bodaboda na mfuko wa samawati usio na lebo, wenye chembe nyeupe za mviringo, akaniagiza nitie kijiko kimoja cha chakula. Chembe hizo zikiyeyushwa kwenye glasi hufanya maji yawe baridi mkononi, jambo linalofanywa na urea, mbolea ya kukuzia mahindi yenye asilimia 46 ya nitrojeni, ambayo majini hugeuka kuwa amonia. Sina cheti cha maabara na hivyo siapi kwamba ni urea, lakini saa chache baada ya kijiko hicho nilipoteza gapi sita.

Kuhusu hita ya shilingi 60,000 aliyonilazimisha kununua, nitasema tu kwamba ingekuwa na maana kwa mtu wa Njombe au Nairobi. Maji ya tangi sebuleni kwangu hayashuki chini ya nyuzi 27, na wasiwasi wangu wa Machi ni namna ya kuyapoza.

Jambo la kioo nimeliacha nyuma, ingawa ndilo la hatari kuliko yote. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 hubeba karibu lita 180, yaani kilo 180 za maji peke yake, na hili liliundwa kwa kioo cha dirisha cha milimita 5, bila mkanda wa kukaza ukingo wa juu. Fundi vioo niliyemwita alipima mbonyeo wa kioo cha mbele kwa rula, akaniambia nimwage maji siku hiyo hiyo, na kwamba kwa vipimo hivyo yeye hatumii kioo kilicho chini ya milimita 8. Gundi iliyotumika ni silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ambayo huvuja ndani ya maji na kudhuru samaki. Nina watoto wawili wanaocheza karibu na tangi hilo.

Picha anazotangazia si kazi zake. Nilizipitisha kwenye utafutaji wa picha wa Google nikakuta zile zile kwenye kurasa za mashindano ya mapambo ya matangi ya Asia, zikiwa na majina ya watunzi ambayo yeye ameyakata pembeni. Dalili nyingine ni kwamba hakubali mteja aende kwake, na malipo huyataka yote kabla ya kufika, kwa namba ya simu ambayo jina linalojitokeza si lake. Aliyeombwa fedha kwa njia hiyo anaweza kuipeleka namba husika TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na aliyekwisha kulipa afike polisi akiwa na kumbukumbu za muamala.

Baada ya hasara hii nimempata muuzaji mwingine, mzee mmoja mtaratibu, aliyekataa kata kata kuniuzia samaki. Aliniuzia tangi la milimita 8, changarawe ya mto, mimea miwili ya majini aina ya anubiasi iliyofungwa kwenye gogo, ambayo shina lake nene halizikwi mchangani, na fungu la mmea mwingine wa majini, Ceratophyllum, ambao hukua haraka bila kudai chochote, akaniagiza niwashe taa kwa muda wa saa 7 kila siku na nirudi kwake na chupa ya maji yangu ayapime baada ya mwezi. Nimerudi mara mbili. Mara zote amenirudisha nyumbani bila samaki kwa sababu ya nitriti.

Walionunua kwa yule wa kwanza nawaomba mhifadhi pakiti za mbegu, mfuko wa samawati na picha za mazungumzo yenu mapema, kwa sababu tangu wiki iliyopita ameanza kuzifuta jumbe alizotutumia.