Gongo Jipya la Hoki ya Barafuni: Anza na Mlalo, Kisha Uchague Mkunjo

Mtu anapokwenda kununua gongo la hoki ya barafuni, jicho lake hukimbilia mkunjo wa bapa, yaani ile sehemu pana ya chini inayogusa barafu, kwa sababu huo ndio unaoonekana na ndio unaozungumzwa na wachezaji. Lakini malalamiko mengi yanayofuata baada ya wiki mbili za mazoezi, kwamba kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kinapenya chini ya bapa, kwamba pasi zinarukaruka badala ya kuteleza, kwamba gongo zima limekuwa geni mkononi, chanzo chake huwa ni mlalo. Mwongozo huu unapanga aina za mikunjo kwa ubora, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi, lakini mpangilio huo hauna maana kwa mtu ambaye hajajua mlalo wake, kwa hiyo nitaanza hapo.

Mlalo ni pembe iliyopo kati ya mpini na bapa wakati bapa limelala sawasawa juu ya barafu. Hutajwa kwa namba, na magongo mengi yanayouzwa huwa kati ya 4 na 7. Mlalo wa 5 ni pembe ya takriban nyuzi 135, na kila namba inapopanda kwa moja, pembe hupungua kwa takriban nyuzi 2, maana yake mpini unasimama wima zaidi na kisahani kinakaa karibu zaidi na miguu ya mchezaji. Anayecheza ameinama sana, mikono ikiwa chini na kisahani kikiwa mbali mbele yake, huhitaji namba ndogo. Anayecheza amesimama wima huhitaji namba kubwa. Nyuzi mbili zinaweza kuonekana si kitu kwenye karatasi, lakini barafuni zinatosha kuinua ncha ya bapa hadi pasi ya nguvu ipite chini yake. Isitoshe, watengenezaji hawapimi kwa namna moja, na namba 5 ya huyu inaweza kulala kama 6 ya yule.

Shahidi wa kuaminika ni utepe uliofungwa kwenye bapa la gongo lako la sasa. Baada ya vipindi vitatu au vinne vya mazoezi, ligeuze gongo na utazame ukingo wa chini. Ikiwa utepe umechakaa zaidi karibu na kisigino cha bapa, yaani upande unaoungana na mpini, ncha imekuwa ikining'inia hewani na mlalo ni mkubwa kuliko unavyohitaji. Ikiwa umechakaa kwenye ncha, kisigino ndicho kilichoinuka na mlalo ni mdogo mno. Uchakavu ukiwa katikati, ukipungua polepole kuelekea pande zote mbili, mlalo wako ni sahihi. Mimi nilicheza msimu mzima nikiamini kwamba sijui kupokea pasi, hadi siku nilipobadilisha utepe nikaona kwamba sehemu ya kisigino imelika hadi nyuzi za kitambaa zimetoka, ilhali theluthi ya mbele ilikuwa bado nyeusi na mpya kama siku niliyoifunga. Kwa kweli nilikuwa nikipokea pasi kwa nusu ya bapa.

Kabla ya kulaumu mlalo, hata hivyo, hakikisha urefu wa gongo ni sahihi, kwa sababu mambo hayo mawili yanavutana. Gongo likikatwa au likirefushwa, mkao wa mpini hubadilika, na ncha au kisigino cha bapa huweza kuinuka. Kwa kawaida gongo lililosimamishwa mbele ya mchezaji aliyevaa viatu vya kutelezea hufika kidevuni, na wachezaji wengine hupenda lishuke kidogo chini ya hapo. Ukiwa umevaa viatu hivyo, simama katika mkao wako halisi wa kuchezea, si ule wa kupigia picha, kisha umwombe mwenzako apitishe kipande cha karatasi chini ya ncha na chini ya kisigino. Sehemu ya chini ya bapa huwa na tao dogo, kwa hiyo ni kawaida karatasi kuingia kidogo pande zote mbili. Kinachotafutwa ni ilingane pande hizo. Kumbuka pia kwamba kukata gongo kunalifanya kuwa gumu zaidi kupinda, jambo linalobadilisha mapigo yako hata kama bapa ni lilelile.

Sasa tuje kwenye mkunjo. Yapo mambo matatu ya kutazama: mahali unapoanzia, yaani kisigino, katikati au ncha, kina chake, na kiasi ambacho uso wa bapa umefunguka, yaani umeegemea nyuma kama koleo. Uso uliofunguka hukiinua kisahani haraka, na ndiyo maana mtu aliyezoea uso uliosimama hupiga juu ya goli kwa wiki nzima akinunua bapa la namna hiyo. Kina huongeza udhibiti mbele ya bapa na kuupunguza nyuma yake. Kila mkunjo una gharama, na anayeuza mara nyingi atakutajia faida peke yake.

Nafasi ya kwanza naipa mkunjo wa kati unaoelekea ncha, wenye uso uliofunguka kiasi na ncha ya mviringo. Kila mtengenezaji ana jina lake: Bauer wanauita P92, CCM wanauita P29, na Warrior W03. Sababu yangu kubwa si kwamba unapiga vizuri kuliko yote, bali kwamba karibu kila mtengenezaji anao, na mtu atakayeuzoea hatalazimika kujifunza upya gongo lake litakapovunjika. Unainua kisahani bila kukirusha hovyo, unatoa pasi nzuri, na upande wa nyuma wa bapa bado unatumika. Anayetoka kwenye bapa lililonyooka ataona pasi zake zikipaa kwa siku chache, na dawa yake ni kumalizia mkono chini na kulifunika bapa juu ya kisahani.

Wa pili ni P88, mkunjo wa katikati usio na kina kirefu, ambao uso wake umekaribia kusimama wima. Kwa beki, kwa anayeanza, na kwa yeyote anayetumia sana upande wa nyuma wa bapa, ningeuweka wa kwanza bila kusita. Pasi zake hubaki barafuni, mapigo yake hayapotei juu, na hausamehi jambo moja tu: kisahani kikiwa karibu na goli na kipa amelala chini, kukiinua haraka kunahitaji ufundi wa kifundo cha mkono ambao bapa halitakufanyia.

Wa tatu ni P90TM, inayokaa kati ya P92 na P28 nitakayoieleza sasa hivi. Ni chaguo zuri kwa anayetamani kupiga kwa ncha lakini anaogopa kupoteza pasi, ingawa haipatikani kwa wingi kama hizo nyingine.

Nafasi ya nne, na najua wapo watakaonipinga, ni P28. Mkunjo wake umekaa kwenye ncha na umefunguka sana. Kwa mshambuliaji anayekivuta kisahani kwa ncha ya bapa na kukiachia hapohapo, hakuna unaoushinda, na umaarufu wake miongoni mwa vijana hauna ajabu. Tatizo ni kwamba hukulazimisha kucheza kwa ncha muda wote: ukipokea pasi kwenye kisigino na kupiga papo hapo, huna uhakika wa kinakokwenda, na pigo la nyuma ya bapa hudhoofika mno. Lipo na jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. P28 mara nyingi huuzwa ikiwa na mlalo mdogo kuliko P92, kwa hiyo anayehama kutoka P92 kwenda P28 amebadilisha vitu viwili kwa siku moja, kisha anaulaumu mkunjo kwa kosa la mlalo. Soma namba zote mbili zilizoandikwa kwenye mpini kabla ya kulipa.

Wa mwisho ni mkunjo wa kisigino, unaowafaa mabeki wanaopiga pigo la kubamiza kutoka mbali. Haupatikani kirahisi siku hizi, na hiyo inatosha kuuweka chini.

Kuhusu kina kikubwa kupita kiasi, kumbukumbu ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Stan Mikita na Bobby Hull wa Chicago walianza kuyakunja mabapa yao ya mbao, na NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, ikalazimika kuweka kikomo. Katika fainali ya ligi hiyo ya mwaka 1993, Marty McSorley wa Los Angeles alipimwa gongo zikiwa zimesalia chini ya dakika mbili, timu yake ikiongoza 2 kwa 1 dhidi ya Montreal. Mkunjo ulizidi, akatolewa nje, Éric Desjardins wa Montreal akasawazisha, kisha akafunga tena katika muda wa nyongeza. Leo kikomo cha NHL ni robo tatu ya inchi, takriban milimita 19, na mabapa ya dukani huwa ndani ya kiwango hicho. Usijaribu kuliongezea mkunjo bapa la nyuzi za kaboni kwa joto, kwani gundi inayozishikanisha nyuzi hizo ikidhoofika, bapa litapasuka kwenye pigo la kwanza la nguvu.

Gongo likishanunuliwa, lipe vipindi sita hadi vinane kabla ya kulihukumu, na usicheze nalo mechi katika viwili vya mwanzo. Anza na pasi fupi za chini ukutani, mbele na nyuma ya bapa, kisha upige ukiwa umesimama, na mwishoni upige ukiwa mwendoni. Usilirudie gongo la zamani katikati ya kipindi kimoja, kwa sababu mikono itachanganyikiwa. Funga utepe mpya siku ya kwanza na uukague baada ya kipindi cha nne. Ukikuta umechakaa upande mmoja tu, badilisha urefu au mlalo kwanza, na uuache mkunjo kama ulivyo.