Daktari Alinitibia Mtoto Vizuri, Kaunta ya Dawa Ikanipandisha Hasira

Ni kliniki ya kibinafsi huku Eastlands, Nairobi, daktari yuko ghorofani na duka lao la dawa liko chini pale pale. Jina silitaji. Wanaoishi karibu wataijua.

Kijana wangu ana miaka saba. Ana pumu, na juu yake ana mafua ya mzio: chafya mfululizo asubuhi, macho anayasugua hadi yanakuwa mekundu. Mvua ikinyesha na nyasi zikachanua, anaanza. Baridi ya Julai ikiingia, usiku ni kukohoa tu.

Daktari sina neno baya naye. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampulizisha kile kimrija cha kupimia nguvu ya pumzi, kisha akaketi kunieleza kwamba pua na mapafu ni njia moja ya hewa, kwa hiyo pua ikiachwa imevimba kifua nacho hakitulii. Kwetu kila mtu hulaumu jakaranda zikichanua Oktoba. Yeye alisema chavua ya jakaranda, yaani ule unga wa maua, hubebwa na wadudu kama nyuki, haipeperuki sana. Inayoruka na upepo hadi puani ni ya nyasi. Akaniuliza pia kuhusu vumbi la godoro na moshi wa takataka zinazochomwa jioni mtaani, na huo moshi kwetu ni wa kila siku. Akaandika inhela mbili. Ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kuzuia, asubuhi na jioni, hata kama mtoto anakimbia na kucheza vizuri. Akaongeza na spesa, kile kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto.

Nikashuka chini na ile karatasi.

Pale kaunta kuna mwanamume wa makamo, koti jeupe, simu sikioni. Aliisoma karatasi akanisukumia ya bluu peke yake. Nikauliza ya kahawia iko wapi. Bila hata kukata simu: “Hiyo ni steroidi, mama. Unataka mtoto abaki mfupi?” Alisema hivyo mbele ya foleni nzima, mtoto mwenyewe akisikia. Nikamwambia daktari ndiye aliyeandika. “Madaktari huandika. Chukua hii na Piriton, dawa ya mzio, atalala.” Spesa? “Hizo ni za hospitali kubwa.” Nilipomuuliza basi mtoto ataivutaje inhela bila spesa, akanijibu, “Ni kufinya tu.”

Ni kufinya tu! Ukifinya inhela mdomoni mwa mtoto ambaye hajui kuvuta kwa wakati mmoja na kufinya, dawa nyingi inaishia kooni. Na hiyo ya bluu yenyewe hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, basi. Uvimbe wa ndani haiugusi. Mtoto anaonekana amepona huku njia zinazidi kuziba, mpaka usiku mmoja mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi na hawezi kumaliza sentensi, ndipo mnatafuta teksi ya kukimbilia hospitali. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu 2019 hautaki hata mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake. Huyu anauza dawa na hilo hajalisikia?

Kuhusu urefu, daktari hakunificha: dawa ya kahawia inaweza kupunguza ukuaji kidogo, ndiyo maana atakuwa akimpima kimo. Lakini dozi ni ndogo sana, na pumu isiyodhibitiwa humdhuru mtoto zaidi. Hayo ni maelezo. Kule chini nilitishwa.

Nilikuwa nikiondoka kwa hasira aliponiita sista mmoja, binti mdogo, aliyekuwa amesikia yote. Akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Kwenye jiko wanalochemshia chai akapasha waya alioupinda kwa umbo la mdomo wa inhela, akayeyusha tundu kitakoni mwa chupa, inhela ikaingia ikakaza. Mdomo wa chupa ndio mtoto anaouweka midomoni. Tikisa, finya mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara tano sita, ndipo utikise tena ya pili. Akimaliza ya kahawia asukutue na kuyatema maji, la sivyo ulimi hupata utando mweupe. Akaniambia hiyo chupa ilijaribiwa na madaktari wa Cape Town, utafiti ukachapishwa 1999, na ikafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Hakuniomba hata shilingi.

Kwa ajili ya huyo binti nilikuwa tayari kuwapa nyota nne. Kusema kweli kliniki yenye daktari na sista wa aina hiyo si kliniki mbaya, na kijana wangu sasa analala usiku. Lakini kila nikitaka kuandika nne namkumbuka mama aliyekuwa nyuma yangu, mtoto mgongoni kifua kinapiga mluzi. Alipewa ya bluu na dawa ya maji ya kikohozi, akalipa, akaenda. Yeye nani alimwita pembeni? Kwa hiyo ni mbili. Na hata hizo mbili ni za ghorofani.

Mkienda, mwoneni daktari, mwulizieni sista wa chupa, kisha dawa nunueni kwingine. Ya kahawia niliipata duka jingine mjini bila kuhojiwa. Meneja nilimweleza yote, akaandika namba yangu kwenye daftari na kusema atanipigia. Hajapiga, na yule bwana bado yuko pale kaunta.