Darasa la jioni la matamshi ya Kiingereza, Mwanga, Kigoma
Darasa hili linastahili ada yake hasa kwa namna linavyofundisha sauti ghuna (zenye mtetemo kooni) na sighuna (zisizo nao): mwanafunzi huweka vidole kooni, akatamka z kisha s, na kuhisi mtetemo wa nyuzi za sauti ukija na kutoweka. Sisi tunaotenganisha dh na th kwa maandishi tuna nafuu, kwa kuwa Kiingereza huziandika zote th, kama katika this na think. Somo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni la miisho, kwamba s ya dogs hutamkwa z ilhali ya cats hubaki s, na kwamba irabu ya bag hurefuka kuliko ya back. Spika yao, hata hivyo, hukwaruza kiasi cha kufanya s na f zisitofautike.