Uzoefu wangu na mita ya njano ya 15,000: selfu iligoma, betri ikasingiziwa

Nina pikipiki ya cc 125 ninayobebea samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga hadi Muheza. Samaki hawamngoji fundi, kwa hiyo selfu (kuwasha kwa kitufe) ilipoanza uvivu mwezi wa Ramadhani, leo inazunguka kama mgonjwa, kesho inasema "ta!" na kunyamaza, nilikimbilia kijiweni bila kujiuliza. Fundi alisikiliza mara moja tu. "Kaka, betri hiyo." Betri mpya 45,000. Siku nne safi, ya tano mambo yale yale. "Basi ni rilei," yaani swichi inayopeleka umeme kwenye mota ya kuwashia. 12,000 nyingine, na hiyo haikusaidia hata asubuhi moja. Alipoanza kuitolea macho stata yenyewe, yaani mota hiyo, nikamwambia angoje kwanza.

Nikaenda duka la vifaa vya umeme nikanunua mita ya kupimia umeme, ile ya njano iliyoandikwa DT830D, yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati. Mgongoni haina jina la aliyeitengeneza. Nimekaa nayo miezi saba sasa, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kabla ya mita, kiki (kuwasha kwa mguu) ilishanipa jibu nusu ila sikulisikia. Ukipiga kiki ilikuwa inawaka mara ya pili au ya tatu. Maana yake plagi, koili na CDI, vifaa vya kutoa cheche, ni vizima, na ugonjwa uko upande wa selfu tu: betri, rilei, stata, na nyaya nene zinazoviunganisha. Kama kiki nayo ingegoma, ningeanza kwa kufungua plagi nione kama inatoa cheche.

Mita nikaiweka kwenye 20, upande wa V ya umeme wa betri. Betri ikiwa imelala ilisoma 12.7. Hapo ndipo wengi wetu tunaishia: tunaona betri nzima, tunafunga siti. Ni kweli betri iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8, na ikifika 12.0 ujue ina njaa. Lakini betri mbovu inaweza kukuonyesha 12.5 ikiwa imepumzika, kisha ukiibebesha mzigo ikaporomoka hadi 7. Kipimo chenye maana ni kile unachosoma wakati kidole kiko kwenye selfu.

Nikamwita mdogo wangu. Yeye anabonyeza, mimi nasoma. Betri: 11.4. Haikuanguka hata kidogo chini ya 10, kwa hiyo haina kosa (na pengine ile ya zamani nayo haikuwa na kosa, lakini nilishaiacha kwa fundi, basi tena). Nikapima kwenye stata yenyewe, waya mwekundu wa mita kwenye nati yake, mweusi kwenye bodi yake. 7.0 tu! Betri inatoa 11.4, stata inapokea 7.0. Volti 4.4 zinaliwa njiani.

Nikaanza kumtafuta mwizi. Kutoka chanya ya betri hadi nati ya stata, kupitia rilei: 0.4, inavumilika. Kisha mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye bati tupu la injini. Hapo ilitakiwa isome karibu na sifuri, 0.2 au 0.3 kwa wingi. Ikasoma 4.0.

Waya wa hasi kwenye pikipiki yangu unafungwa kwenye injini kwa bolti moja, na bolti hiyo iko chini kabisa ya mahali ninapofunga tenga. Miaka miwili maji ya barafu na chumvi ya samaki yamekuwa yakidondokea hapo hapo. Nilipoifungua, kichwa cha waya kilikuwa kijani kama kuta za kisima. Msasa, grisi kidogo, nikakaza. Nikapima tena: 0.1. Selfu ikaruka kabla mdogo wangu hajamaliza kubonyeza.

Kitu kimoja kilinishtua. Baada ya matengenezo, betri ilishuka hadi 10.6 wakati wa selfu, chini kuliko mwanzo. Nilidhani nimeharibu kitu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: njia ikiwa wazi stata inavuta umeme mwingi, na betri inaelemewa kidogo. Ile 11.4 ilikuwa juu kwa sababu stata ilikuwa imekabwa koo.

Sasa ubaya wa mita hii. Namba zake zinabadilika polepole, inabidi ushikilie selfu sekunde mbili tatu ndipo usome. Haina taa, na mimi natoka alfajiri. Waya mweusi ulikatika ndani ya mpini mwezi wa pili, nikauchomea risasi. Na betri yake ya ndani, ile ya 9V, ikichoka mita inaanza kusema uongo: siku moja iliniambia betri ya pikipiki iliyozimwa usiku kucha ina 14.1. Hiyo ni namba ya injini inayochaji! Ukiona miujiza ya namna hiyo, badilisha 9V kwanza.

Tundu la 10A usiliguse kwa kazi hii. Stata ya pikipiki hata ndogo inavuta makumi ya ampea, na kwenye mita hizi tundu hilo kwa kawaida halina fyuzi. Wala usiipeleke mita kwenye waya wa plagi, ambako kuna maelfu ya volti. Utainunua upya.

Kwa anayejitengenezea mwenyewe, mita hii naipa nyota nne kati ya tano. Kwa fundi wa kila siku ningesema atafute yenye nyaya nene zaidi. Fundi wangu amekwisha kuja kuiazima mara mbili, na mara ya pili aliirudisha bila ile 9V. Rilei yangu ya zamani niliipima nikakuta nzima. Nimeirudisha kwenye pikipiki, na ile ya 12,000 iko kwenye boksi la spana, bado inang'aa.