Fuata pesa zilikokwisha kwenda: uzoefu wangu na RePORTER, CORDIS na GrantNav

Mhadhiri yeyote wa chuo cha umma upande huu wa Kisumu anajua jinsi matangazo ya ufadhili yanavyotembea. Asubuhi kundi la WhatsApp la idara limejaa viungo, jioni vilevile vinarudi kupitia kitivo kingine, na vingi makataa yake yamekwisha kupita. Mimi ni mwanabiolojia. Ninachunguza konokono wanaobeba kichocho kwenye fuo za Ziwa Victoria, na kwa miaka kadhaa nimejaribu karibu kila chombo cha kutafuta ruzuku kilichofikika. Vimebaki vitatu ninavyovifungua kila mara, vyote vya bure, na hakuna hata kimoja ambacho kazi yake ni kutangaza ufadhili mpya.

Vinaonyesha pesa zilizokwisha kutolewa: nani alitoa, nani alipokea, kwa kazi gani na kwa kiasi gani. Kwa mtafiti wa huku kwetu habari hiyo ina uzito kuliko tangazo lolote. Mfadhili anaweza kuandika kwamba milango iko wazi kwa Afrika nzima, lakini ukipitia orodha ya waliopata ukakuta karibu wote wako Nairobi na Cape Town, umejua mapema kwamba ukiomba peke yako kutoka Maseno au Bondo itabidi upande mlima, na pengine ni heri kwanza utafute mshirika.

Kabla ya hapo niliwahi kulipia huduma moja ya arifa za ufadhili, ambayo sitaitaja. Ilidai kadi ya benki na malipo kwa dola, kisha ikaniletea ruzuku za raia wa Marekani pekee, tuzo za wasanii, na matangazo yaliyobakiza siku chache kufungwa. Nilipoandika kuuliza kama kuna namna ya kuchuja kwa nchi ya mwombaji, nilijibiwa kwamba nisome masharti ya kila tangazo. Sikuendelea nayo.

Nianze na RePORTER, maana ndiyo niliyoitumia zaidi. Ni hifadhidata ya miradi iliyofadhiliwa na NIH, yaani Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, na rekodi zake zinarudi nyuma hadi 1985. Haihitaji kujisajili wala nywila. Ukiifungua inakupa miradi inayoendelea tu, kwa hiyo mimi huondoa kichujio hicho nione na ya zamani. Jedwali la matokeo ni pana, ndiyo maana napendelea kulisoma kwenye kompyuta kuliko kwenye simu. Kila mradi una muhtasari wake, jina la mtafiti mkuu, chuo chake, kiasi alichopewa kila mwaka, machapisho yaliyotokana na kazi hiyo, na jina la ofisa wa programu anayeisimamia.

Namba ya mradi yenyewe inasomeka ukishaizoea. R01 ni ruzuku kubwa ya kawaida ya mtafiti. R21 ni ya kujaribu wazo ambalo bado halijapata ushahidi mwingi. D43 ni ya mafunzo, na K43 iliundwa kwa ajili ya watafiti chipukizi wa nchi zenye kipato kama chetu. Herufi mbili zinazofuata zinataja taasisi iliyofungua mkoba: AI ni ile ya mzio na magonjwa ya kuambukiza, TW ni kituo cha Fogarty kinachoshughulikia afya ya kimataifa. Ukipita mistari michache kwa jicho hilo, unaanza kuona ni mlango gani unaogongwa na watu wa fani yako na ni upi hawajawahi kuugusa.

Siku niliyomwonyesha mwanafunzi wangu wa uzamili, tuliandika jina moja tu la kisayansi, Biomphalaria, konokono anayebeba kichocho cha tumbo. Kati ya yaliyotoka ilikuwemo kazi ya Chuo Kikuu cha New Mexico, ambacho kwa muda mrefu kimechunguza konokono na kichocho magharibi mwa Kenya pamoja na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ambayo kituo chake tunakipita pale Kisian kwenye barabara ya Busia. Kijana aliniangalia akasema, “Daktari, kumbe hawa watu ni majirani zetu?” Ndiyo, ni majirani. Wiki hiyohiyo alikwenda kuwatafuta akiwa na swali la kitaalamu mkononi, na aliyerudi naye ni mtu wa kumshauri kuhusu jinsi ya kutofautisha viluwiluwi vya kichocho na vile vya ng’ombe chini ya darubini. Msaada wa namna hiyo haumo katika tangazo lolote la ufadhili.

Ndani ya RePORTER kuna kifaa kiitwacho Matchmaker, na hiki ningependa kila mhadhiri akijaribu hata leo jioni. Unabandika muhtasari wa wazo lako, hadi herufi 15,000, nacho kinakuletea miradi inayofanana nalo pamoja na maofisa wa programu wanaoisimamia. Mimi nilibandika aya chache kuhusu gugu maji la Ghuba ya Winam na konokono wanaojificha kwenye mizizi yake. Nilitarajia miradi ya dawa na chanjo. Badala yake nikapelekwa kwenye ikolojia ya maambukizi, miradi iliyobeba herufi TW, ambako kwa maneno yangu ya kawaida ya kutafuta nisingefika. Mingine ilinipeleka kwenye kazi za Senegali, ambako watafiti waliondoa mimea ya majini inayowahifadhi konokono wakaigeuza mbolea na lishe ya mifugo. Mtu wa Kisumu akisoma hayo hawezi kutulia. Sisi tunalo gugu maji la kutosha kufunga bandari, tunao wafugaji wanaohangaika na lishe kila kiangazi, na tunao watoto wa Dunga wanaooga palepale. Pendekezo langu la utafiti lilibadilika sura mchana huo.

Kuhusu kumwandikia ofisa wa programu, wenzangu wengi huona haya, wakidhani ni kujipendekeza. Ni sehemu ya kazi yake kujibu. Andika barua fupi, bandika muhtasari wa ukurasa mmoja, uliza swali moja: je, wazo hili linaingia katika mambo mnayofadhili? Mimi nilijibiwa kwamba haliingii, nikaelekezwa ofisi nyingine na kushauriwa nisubiri hadi niwe na takwimu za awali. Jibu hilo liliniokolea miezi ya kuandika andiko ambalo lingeanguka hatua ya kwanza.

Lakini niseme wazi hali ilivyo. Mwaka 2025 mambo ya Marekani yalibadilika vibaya kwetu. USAID ilifungwa, na Mei mwaka huo NIH ilitangaza kusitisha migao mipya ya ruzuku inayopitia vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje, hadi utaratibu mwingine uwekwe. Kisumu tuliyaona hayo kwa macho: watu wenye ujuzi wa miaka mingi wa maabara na wa nyanjani walikabidhi vitambulisho vya kazi. Kwa hiyo RePORTER naitumia kama ramani ya watu na mawazo, siyo ahadi ya pesa. Anayeandika bajeti yake yote akitegemea upande mmoja wa dunia ajifikirie mara mbili.

Ndipo CORDIS inapoingia. Hii ni hifadhidata ya Umoja wa Ulaya ya miradi yake ya utafiti, ikiwemo ya Horizon Europe, programu ya 2021 hadi 2027. Kenya si mwanachama wala nchi iliyojiunga rasmi na programu hiyo, ila ni kati ya nchi ambazo taasisi zake zinaweza kulipwa moja kwa moja zikiwa ndani ya muungano, yaani kundi la taasisi zinazoomba ruzuku moja kwa pamoja. Miradi mingi ya pamoja inahitaji angalau taasisi tatu huru kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga na programu, mojawapo ikiwa nchi mwanachama. Chuo cha Kenya huongezwa juu ya hizo, hivyo kazi yako ni kuwapata watu ambao tayari wanajua kuunda muungano.

Kinachonivutia zaidi CORDIS ni kwamba ukurasa wa mradi unaorodhesha kila mshirika na kiasi alichotengewa. Mwenzangu wa Njoro, Nakuru, anayeshughulika na udongo na maharagwe, alikuja kwangu akiwa amealikwa kwenye muungano mmoja. Tulifungua miradi mingine ya aina hiyohiyo tukaanza kusoma tarakimu. Akaniambia, “Ona hapa, ndugu yangu. Mashamba yote ni ya kwetu, wakulima wote ni wa kwetu, na mgao wa chuo cha Afrika haufiki hata wa mshirika anayeandaa tovuti.” Si miradi yote iliyokuwa hivyo. Ipo ambayo mshirika wa Afrika aliongoza sehemu nzima ya kazi na akalipwa ipasavyo, na hiyo ndiyo aliyoitumia kama kielelezo. Alipoambiwa na waliomwalika kwamba hakuna fungu la gharama za uendeshaji kwa chuo chake, aliwajibu kwa utulivu kwamba kanuni za Horizon Europe zinaweka asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja kwa kila mshirika anayefadhiliwa. Bajeti ikarekebishwa. Nimekuwa nikiwasimulia wahadhiri vijana kisa hicho, maana wengi wetu tumezoea kupokea tunachopewa na kushukuru.

GrantNav sitakaa nayo sana. Inaendeshwa na shirika la Uingereza liitwalo 360Giving, na inakusanya takwimu za wafadhili wa huko wanaokubali kuweka wazi ruzuku zao, akiwemo Wellcome, mfadhili mkubwa wa utafiti wa afya. Unaandika “Kenya” au “Lake Victoria”, unapata orodha, unaipakua. Thamani yake iko kwa wafadhili wadogo. Humo nilikuta mfuko mmoja wa familia ambao sikuwahi kuona tangazo lake popote, ila ulikuwa umefadhili maji safi na afya ya watoto Afrika Mashariki mwaka baada ya mwaka. Niliwaandikia. Walitoa pesa zisizo nyingi: nauli za mashua, vifaa vya kukusanyia konokono, na posho ya vijana wa ufuoni waliotusaidia. Kutokana na hizo ndipo zikapatikana takwimu za awali nilizokuwa nimeambiwa nizitafute.

Mwenzangu wa zamani aliyekuwa akifundisha nami, ambaye sasa yuko upande wa chanjo, ananikumbusha kila mara nitaje pia hifadhidata ya ruzuku za Gates Foundation. Kweli, nayo ni ya bure na ina mstari mmoja unaoeleza kusudi la kila ruzuku, kiasi na muda wake kwa miezi.

Kuna jambo ambalo hakuna chombo kati ya hivi kitakachokufanyia, nalo ni makaratasi ya chuo. Kwa pesa zinazotoka moja kwa moja kwa serikali ya Marekani chuo kinahitaji usajili hai wa SAM.gov, mfumo wa serikali hiyo wa kusajili wanaopokea pesa zake, na namba ya utambulisho iitwayo UEI yenye herufi na tarakimu 12. Usajili huo ni wa bure, unafanywa upya kila mwaka, na ukikwisha muda unaweza kuchukua wiki nyingi kurudi. Wanaokuandikia baruapepe wakitaka malipo ili “wakuhuishie” usiwajibu. Kwa Ulaya kinahitajika kitambulisho cha taasisi kiitwacho PIC, chenye tarakimu tisa, na unaweza kukitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya. Nilimpelekea Madam wa ofisi ya utafiti swali hili, akafungua kabati, akanionyesha faili. “Daktari, PIC tunayo tangu zamani,” akasema. “Hakuna mtu huja kuuliza.” Kwake nilijifunza kuanzia ofisini kabla ya kuanza kuandika hata aya moja, na kumpa bajeti mapema badala ya usiku wa mwisho. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, nayo ipangie muda wake.

Pamoja na kutazama nje, bado nataka pesa za nyumbani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, iliyounda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, inataja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu la mfuko huo. Natamani siku moja niandike “kichocho, Kisumu” kwenye hifadhidata ya Kenya yenyewe na kuona, kama ninavyoona kwa Wazungu, nani alipewa nini na alichokigundua. Kwa sasa tumeanza kidogo katika idara yetu. Tuna jedwali moja ambalo kila aliyeomba ruzuku anajaza jina la mfadhili, kiasi, ofisa aliyemjibu, na kama alinyimwa, wafadhili walisema nini. Walionyimwa wanajaza pia, na safu yao ndiyo inayosomwa zaidi. Mwanafunzi wa uzamivu anayejiunga nasi anapewa kiungo chake pamoja na ufunguo wa maabara, na mkuu wa kitivo ameniomba niwaonyeshe watu wa idara ya kilimo namna ya kuanzisha lao kabla muhula haujafungwa.