Bunduki ya upepo ya kupampu: ununue ipi, na shabaha uiweke vipi

Ndugu zangu mlioko Marekani, kabla ya kutoa hela dukani, acheni kwanza ule mwendo wa risasi ulioandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Kwenye bunduki ya kupampu, nguvu inatoka mkononi mwako. Pampu 4 na pampu 8 ni bunduki mbili tofauti: mwendo unabadilika, na peleti, yaani kile kirisasi chake kidogo, inatua pengine. Mimi nazipima kwa swali moja tu: ni rahisi kuiwekea shabaha, yaani kurekebisha vilengeo ili peleti ipige pale unapolenga, na shabaha ikishakaa, inadumu?

Kwa wengi wenu naweka mbele Daisy 880. Ipo sokoni tangu 1972, bei yake haiumizi, na mtutu una mifereji ya kuzungusha peleti. Inapampwa mara 2 hadi 10. Juu ina reli ya kufungia darubini, ingawa sehemu hiyo ni ya plastiki, kwa hiyo usikaze skrubu kwa nguvu zote. Inakula gololi za chuma pia, lakini ukitaka kulenga kwa uhakika, tumia peleti.

Mwenye uwezo zaidi aiangalie Seneca Dragonfly Mk2. Mpini wake wa kupampia umeundwa ili pampu ya mwisho isiwe nzito sana kuliko ya kwanza, na hilo utalishukuru baada ya nusu saa ya mazoezi. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei tu.

Ya tatu ni Benjamin 392 iliyotumika, ya mbao na shaba, peleti ya milimita 5.5. Naipenda mno. Ila kuanzia pampu ya sita inadai mkono wenye nguvu, na kuifungia darubini ni kazi. Crosman 760 naiweka mwisho: nyepesi, ya bei rahisi, inamfaa kijana anayejifunza mtu mzima akiwa pembeni.

Sasa shabaha. Chagua idadi moja ya pampu, tuseme 5, na aina moja ya peleti, usibadilishe. Simama mita 10, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga 5 ukilenga palepale. Usiguse skrubu baada ya risasi moja. Tazama kundi zima limekaa wapi. Kilengeo cha nyuma kisogeze upande unaotaka peleti iende: zinapiga kushoto, kisogeze kulia; zinapiga chini, kiinue. Piga tano nyingine.

Kwenye darubini wengi hukata tamaa hapa. Zile za kawaida, kila mlio (tik) wa kitasa cha kurekebishia husogeza mahali peleti inapopiga kwa robo inchi ukiwa yadi 100. Kwa yadi 10 ni sehemu ya kumi ya hapo, kwa hiyo inchi moja inahitaji milio 40. Ukizungusha minne ukaona hakuna kilichobadilika, darubini haijaharibika.

Vaeni miwani ya kukinga macho, kila aliyepo. Gololi ya chuma ikigonga ukuta au jiwe inarudi. Kagueni sheria ya jimbo lenu, maana New Jersey inaihesabu kama silaha ya moto. Na msiipakie kwenye mzigo wa kupeleka nyumbani kabla ya kuuliza polisi wa huko kuhusu kibali.