Kumsoma Spika Muhlenberg na ukoo wake katika Bioguide

Anayefuatilia historia ya Bunge la Marekani hachelewi kufika Bioguide, tovuti ya Bunge lenyewe yenye wasifu mfupi wa kila aliyewahi kuketi katika Baraza la Wawakilishi au Seneti, pamoja na wajumbe wa lile Bunge la Bara lililoanza kukutana mwaka 1774, kabla nchi haijajitangazia uhuru. Huduma ni ya bure na haina matangazo, na ukiandika jina la ukoo peke yake unaletewa wote waliolibeba. Nimeipima kwa jina la Muhlenberg. Frederick Augustus Conrad Muhlenberg wa Pennsylvania ndiye aliyekuwa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi, na jina hilo linarudi mara sita katika orodha, kuanzia mwaka 1779 hadi 1949, kwa hiyo linafaa kuonyesha kama huduma hii inamsaidia msomaji kuuelewa ukoo wa kisiasa au inampa majina tu.

Wasifu wa Frederick ni kama sentensi moja ndefu iliyounganishwa kwa nuktamkato, na kwa ukweli na ukamilifu wa tarehe ni vigumu kuikosoa. Alizaliwa Trappe, Pennsylvania, tarehe 1 Januari 1750. Akasoma Halle, Ujerumani. Akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kilutheri mwezi Oktoba 1770. Akahubiri New York hadi Waingereza walipokaribia mwaka 1776, akarudi nyumbani. Mwaka 1779 akaacha madhabahu na kuingia Bunge la Bara, kisha akawa Spika wa bunge la jimbo lake, na mwaka 1787 akaongoza mkutano ambao Pennsylvania iliutumia kuiridhia Katiba mpya. Akakaa katika Mabunge manne ya kwanza (kila Bunge huhesabiwa kwa kipindi chake cha miaka miwili), akiwa Spika katika la kwanza na la tatu, na tangu Januari 1800 akawa mpokea fedha mkuu wa ofisi ya ardhi ya jimbo hadi alipofariki Lancaster tarehe 4 Juni 1801. Mwandishi anayetaka kuhakiki mwaka au cheo hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Tatizo linaanza pale msomaji anapotaka kujua kwa nini mtu aliyekalia kiti cha juu kabisa katika Baraza aliondoka bungeni akiwa na umri wa miaka 47 tu. Bioguide inasema hakugombea tena mwaka 1796, basi. Haigusi kabisa siku iliyoyaamua maisha yake ya kisiasa. Mwezi Aprili mwaka huo Baraza lilikuwa likijadili fedha za kutekeleza Mkataba wa Jay, ambao Marekani iliufunga na Uingereza mwaka 1794 na ambao Seneti ilikuwa imekwisha kuuridhia. Kundi la wapinzani, ambalo Muhlenberg mwenyewe alihesabiwa kuwa wake, lilitaka kuuzuia mkataba kwa kuunyima fedha. Spika wa wakati huo alikuwa Jonathan Dayton, lakini Baraza lilipokaa kama Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakijadili kama kamati, mwenyekiti alikuwa Muhlenberg. Tarehe 29 Aprili kura zikagongana, 49 kwa 49, na uamuzi ukamwangukia yeye. Akaupitisha. Kesho yake Baraza likathibitisha kwa kura 51 dhidi ya 48, na wapiga kura wake wengi, ambao waliuchukia mkataba huo, hawakumsamehe. Inasimuliwa hata kwamba shemeji yake alimchoma kisu kwa ajili ya kura hiyo. Wasifu unaotaja parokia zake moja baada ya nyingine, lakini ukaruka kura hiyo, umepima mambo kwa mizani isiyo sawa.

Jambo la pili linahusu majina ya vyama. Bioguide inamtaja kuwa upande wa serikali katika Bunge la kwanza, dhidi ya serikali katika la pili na la tatu, kisha Mrepublican katika la nne. Msomaji mgeni anaweza kudhani alihama vyama vitatu, ilhali mwaka 1789 vyama havikuwapo, na majina hayo mawili ya mwanzo ni vibandiko vilivyobandikwa baadaye na wanahistoria waliochunguza jinsi kila mbunge alivyopiga kura. Warepublican wa siku hizo nao, wafuasi wa Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais, si chama cha Republican cha leo. Maelezo ya mstari mmoja yangetosha kumwepusha mtu na kosa hilo.

Mahali pengine, hata hivyo, ubahili wa maneno umeisaidia tovuti. Kaka yake, John Peter Gabriel, maarufu kama Peter, alikuwa mchungaji huko Woodstock, Virginia, kabla ya kuwa jenerali katika jeshi la George Washington lililopigania uhuru. Wamarekani wengi wanamjua kwa kisa kimoja: kwamba alimaliza mahubiri mwaka 1776, akavua joho mbele ya waumini na kuonekana amevaa sare ya kijeshi. Sanamu yake iliyomo katika jengo la Bunge inamwonyesha akivua joho hilo. Kisa kilienezwa na kitabu cha mtu wa ukoo wake kilichotoka mwaka 1849, zaidi ya miaka 40 baada ya Peter kufariki, na Bioguide haikisimulii. Vilevile haisimulii uvumi kwamba kura ya Frederick ndiyo iliyoinyima lugha ya Kijerumani nafasi ya kuwa lugha rasmi ya Marekani. Kura ya namna hiyo haijawahi kupigwa. Kilichokuwapo ni ombi la Wajerumani wa Virginia la kutaka sheria zichapishwe pia kwa lugha yao. Kwa hilo tovuti inastahili pongezi, kwani hadithi zote mbili ni tamu na zinauzika.

Kuhusu ukoo wenyewe, kila wasifu hufungua kwa mabano yanayotaja jamaa: huyu ni ndugu wa fulani, ami wa fulani. Ukifuata mabano hayo unagundua mengi kwa dakika chache. Peter alikuwamo katika Bunge la kwanza na la tatu, yaani Mabunge yale yale ambayo mdogo wake alikuwa Spika. Mwanawe Peter, Francis Swaine, alihamia Ohio na kuliwakilisha jimbo hilo kwa muda mfupi, kuanzia mwaka 1828 hadi 1829. Mtoto wa ndugu yao mwingine, Henry Augustus Philip, alikaa bungeni tangu 1829 hadi 1838, kisha akawa balozi wa kwanza wa Marekani nchini Austria. Mwana wa huyo naye anaonyeshwa kuwa mbunge kuanzia Machi 1853 hadi Januari 1854, tarehe zinazoficha kwamba Bunge hilo lilianza kukutana Desemba, mwezi mmoja tu kabla hajafariki.

Lakini mabano hayo yanawatambua waliokuwa wabunge tu, na hapo ndipo udhaifu mkubwa wa huduma ulipo. John Andrew Shulze, gavana wa Pennsylvania kuanzia mwaka 1823 hadi 1829, alikuwa mtoto wa Eve Elizabeth, dada yao akina Frederick. Kwa kuwa hakuwahi kuketi bungeni, ukoo ulioshika ugavana unaonekana kana kwamba haukuushika. Henry Augustus Philip alioa mabinti wawili wa Joseph Hiester, wa kwanza alipofariki akamwoa wa pili, na Hiester ndiye gavana aliyemtangulia Shulze. Mamlaka ya watu hawa katika kaunti za Wajerumani wa Pennsylvania yalipita kwa akina mama na kwa ndoa kama yalivyopita kwa mabaraza, na wanawake hao ndio wasioonekana.

Kwa hiyo naipendekeza Bioguide kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari na yeyote anayehakiki tarehe, cheo au wilaya, kwa sharti asiitegemee peke yake kwa habari za sababu wala za ukoo. Kwa mjadala wa Aprili 1796, kumbukumbu za mijadala ya Mabunge ya mwanzo zimo katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nazo pia ni bure.